Haki ya Njia na Haki ya Jirani: Mabaraza ya Lamu katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Anayepita katika Mji wa Kale wa Lamu baada ya Sala ya Alasiri hawezi kwenda mbali bila ya kutoa salamu. Kila baada ya milango michache kuna watu wameketi juu ya benchi la mawe lililoshikana na nyumba. Mmoja ameshika tasbihi, mwingine anapuliza kikombe cha kahawa tungu, wa tatu anaeleza habari za mgonjwa aliyepelekwa Mombasa. Mpitaji husema "Assalaam alaykum", huitikiwa na wote, huulizwa hali yake na ya nyumbani kwake, kisha huendelea na safari yake hadi baraza la pili.

Neno hili baraza limesafiri mbali. Leo tuna Baraza la Mawaziri na mabaraza ya machifu, na ndugu zetu wa Tanzania wana Baraza la Idd. Lakini asili yake kwa watu wa pwani ni hapo mlangoni: mahali pa kukaa, kuzungumza na kupatanishwa.

Katika miaka ya karibuni kumezuka mjadala ambao maimamu wengi wa mitaani wameusikia. Wapo wanaosema kwamba baraza ni kikao cha ghiba na cha kupoteza wakati, na kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa njiani, kwa hiyo livunjwe. Wapo wanaosema kwamba baraza ndilo lililoulea mji, na anayelipinga hajui mila za watu. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeshika nusu ya jambo. Tumeonelea turudi kwenye hadithi yenyewe, kisha kwenye kitabu cha fiqhi ambacho wazee wetu walikisoma, kisha tuutazame mji wa Lamu ulivyojengwa, ili tuone sheria hiyo ilikaa vipi baina ya majirani.

KIKAO CHA MASWAHABA

Hadithi inayotajwa katika mlango huu imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudriy (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Maswahaba wasikae njiani. Wakamweleza kwamba hawana budi na vikao hivyo, kwani ndipo wanapokaa na kuzungumza. Naye akawajibu kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba Maswahaba hawakudai haja kubwa. Hawakusema kwamba wanapanga jeshi au kwamba wanafundishana Qur'ani. Walisema wanazungumza, na Mtume (s.a.w.) hakuidharau haja hiyo. La pili ni kwamba ruhusa haikuja peke yake, imekuja na sharti. Anayekaa njiani ni mdaiwa, na njia ndiyo inayomdai.

Katika riwaya ya Abu Talha (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim, wao walikuwa wamekaa katika nyua za mbele ya nyumba wakizungumza, Mtume (s.a.w.) akawasimamia na kuwauliza. Wakaeleza kuwa hawakukaa kwa ubaya. Akawaruhusu kwa sharti la haki za njia, na miongoni mwa haki hizo akataja maneno mazuri. Na katika riwaya iliyomo kwa Abu Daud imeongezwa kumsaidia mwenye dhiki na kumwongoza aliyepotea njia.

Basi anayeisoma hadithi kwa ukamilifu wake atajua kwamba anayesema "kukaa barazani kumekatazwa" ameishia katikati ya hadithi, na anayesema "kumeruhusiwa" bila ya kutaja masharti naye ameanzia katikati yake.

MJI WA MAWE NA BORITI

Lamu ni mji wa kisiwani, kaskazini ya pwani ya Kenya. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa ni mji wa Waswahili ulio mkongwe na uliohifadhika kuliko mingine katika Afrika Mashariki, na watu bado wanaishi ndani yake. Nyumba zake za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vimekuwa virefu na vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3. Nyumba zimesogeleana hata nyingine zikashirikiana ukuta, na baina yake zimebaki njia za kupita watu na punda.

Mpango wa nyumba hizo umeelezwa na wachunguzi wa majengo, akiwemo Usam Ghaidan aliyeandika kitabu juu ya mji wa Lamu mwaka 1975. Mbele ya mlango kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye mabaraza ya mawe pande mbili. Ukiingia mlangoni unakuta tekani, kisha ndipo kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu. Tekani imewekwa kwa namna ambayo aliyesimama mlangoni haoni kiwandani. Baada ya kiwanda kuna misana, na nyuma yake vyumba vya ndani, na kila unavyozidi kwenda ndani ndivyo faragha inavyozidi.

Mpango huu haukuja kwa pambo tu. Allah (s.w.t.) ameamrisha katika Surat An-Nur, aya ya 27, kwamba waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Na Sunna imeweka idhini hiyo mara tatu, asipojibiwa mtu arudi. Ndiyo "hodi" yetu. Sasa, jirani amekuja na shida yake au na habari yake, na ndani kuna wanawake wasio maharimu zake. Akirudishwa, ujirani unakatika. Akiingizwa, sitara inavunjika. Daka likawa ndilo jawabu: anakaribishwa, anaketi, analetewa kahawa na tende, na hakuna aliyeonekana. Kwa hiyo baraza halikuwa kinyume cha stara ya nyumba, bali lilikuwa mlinzi wake.

Na wanawake nao walikuwa na njia zao. Katika Lamu kuna kinachoitwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba ya upande huu na ya upande wa pili. Ilikuwa desturi kwa wenye uwezo kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumwongezea ghorofa, ili asiwe mbali na mama yake. Ambapo jamaa walikuwa na nyumba pande mbili za njia, wikio liliwawezesha wanawake kutembeleana, kupelekeana mchuzi na kuuguzana bila ya kushuka njiani. Mazungumzo ya ujirani yalipita chini kwa wanaume na juu kwa wanawake.

ALICHOKIANDIKA IMAMU AN-NAWAWI

Watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, na Minhaj at-Talibin ya Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, ni miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa na makadhi na masheikh wao. Mwanafunzi aliyefika katika Mlango wa Sulhu alikutana na mas-ala ambayo yalikuwa nje ya mlango wa chuo chake.

Imamu An-Nawawi ameeleza kwamba njia inayopitika pande zote mbili haitumiwi kwa namna inayowadhuru wapitao. Haijuzu kutokeza juu yake roshani wala *sabat*, yaani dari iliyovuka njia baina ya kuta mbili, ikiwa inawadhuru. Imeshurutishwa iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake hali amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya misafara, basi iwe juu kiasi cha kupita ngamia aliyebeba tandiko lenye kivuli. Msomaji wa Lamu hahitaji mfano wa kumfahamisha *sabat* ni kitu gani. Ni wikio. Na badala ya ngamia anamjua punda aliyebeba mawe, au mtu aliyejitwika gunia kichwani.

Kisha akasema kwamba ni haramu kujenga katika njia hiyo *dakka* au kupanda mti, na akataja kauli ya pili, kwa namna inayoonesha udhaifu wake, kwamba inajuzu ikiwa hakuna madhara. *Dakka* kwa Kiarabu ni benchi la kujengwa. Ni vigumu kulisikia neno hili la kitabu bila ya kukumbuka daka la Lamu.

Hapa tunahitaji kusimama. Mji mzima una mabaraza, na kitabu kinachosomwa ndani ya mji huo kinaharamisha kujenga benchi njiani. Je, wazee walikuwa wakisoma jambo na kutenda jingine?

Jawabu linapatikana kwa kuitazama sababu ya katazo. Washereheshaji wa Minhaj wameeleza kwamba benchi linazuia nafasi pale watu wanaposongamana, na kwamba muda ukipita mrefu mahali hapo panafanana na milki ya mtu, na alama ya kuwa ilikuwa njia ya Waislamu wote hupotea. Kwa hiyo linalokatazwa ni kuichukua njia. Ama mtu anayerudisha nyuma upande wa nyumba yake, akajenga kikao ndani ya kiwanja chake mwenyewe, huyo hakuchukua kitu cha watu, bali ametoa sehemu ya milki yake akawapa wapita njia. Madaka mengi ya zamani yameingia ndani ya mwili wa nyumba kwa namna hii. Ama baraza lililotoka nje ya ukuta likaingia njiani, hilo kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu halina ruhusa, na kwa kauli ya pili linatazamwa kama linadhuru au halidhuru.

Tofauti hii ni ndogo kwa macho, pengine ni dhiraa moja ya mawe, lakini kwa fiqhi ni tofauti baina ya mwenye kutoa na mwenye kunyang'anya. Mabaraza mawili yanaweza kufanana kwa sura, moja likawa ni sadaka na jingine likawa ni dhulma.

Na kichochoro kisichopitika, kile kinachoishia kwenye mlango wa mtu, kina hukumu yake. Hicho ni milki ya wenye milango ndani yake, na haijuzu hata kwa mmoja wao kutokeza kitu juu yake ila kwa ridhaa ya waliobakia. Hakuna wa kumtolea idhini kwa niaba yao. Ni lazima awaendee majirani mmoja mmoja na kuzungumza nao. Sheria yenyewe imewalazimisha wazungumze.

UKUTA WA JIRANI NA BORITI YAKO

Mas-ala mengine yaliyomo katika mlango huohuo ni ya ukuta. Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Abu Hurayra alipoona watu wameipokea kwa uzito, aliwalaumu kwa kuipa mgongo Sunna hiyo na kuwaambia kwamba ataendelea kuwatupia mabegani mwao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Wanavyuoni wamekhitalifiana katika kuifahamu. Imamu Ahmad ameichukua kuwa ni lazima: jirani hana haki ya kukataa ikiwa boriti haidhuru ukuta. Hiyo pia ndiyo kauli ya zamani ya Imamu Shafi. Ama kauli yake mpya, ambayo ndiyo iliyowekwa mbele katika Minhaj, ni kwamba ukuta wa mtu ni mali yake, na mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Basi hadithi imechukuliwa kuwa inahimiza wema, na mwenye ukuta halazimishwi.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba kwa mji wa mawe, ambapo kila dari imelala juu ya kuta, kauli ya mwanzo ingefaa zaidi. Lakini angalia matokeo ya kauli mpya. Mwenye kutaka kuchomeka boriti ni lazima amwendee jirani yake na kumwomba. Na mwenye ukuta anaombwa jambo ambalo hakuna kadhi wa kumlazimisha, ila anajua kwamba Mtume (s.a.w.) amependa akubali. Akikubali, amekubali kwa ajili ya Allah. Nyumba zilizosimama kwa kutegemeana vizazi kwa vizazi ni ushahidi kwamba watu waliombana na wakapeana.

Na hili ndilo tunaloliona kuwa kiini cha maudhui yetu. Fiqhi imeweka mpaka wa chini ambao mtu akiuvuka anakuwa dhalimu. Haikudai kwamba mpaka huo peke yake unatosha kujenga mtaa. Juu ya mpaka huo kuna ihsani, nayo ndiyo aliyoiamrisha Allah (s.w.t.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, kwa jirani aliye jamaa na jirani asiyekuwa jamaa, baada ya kuamrisha ibada yake na wema kwa wazazi. Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani hata akadhani kwamba atamrithisha.

WALIOKUWA HAWAPEWI NAFASI

Hata hivyo, si insafu kuisifu historia na kuficha aibu yake. Baraza la Lamu ya zamani halikuwa la kila mtu. Mji ulikuwa umegawika. Katika Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko zilikokuwa nyumba nyingi kubwa za mawe za waungwana. Langoni, upande wa kusini, wakikaa wengi waliokuja nyuma na wenye hali ya chini. Chini ya wote walikuwepo watumwa, waliopiga chokaa, waliobeba mawe na waliolima mashamba ya bara. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya haikuondolewa ila mwaka 1907. Mikono iliyojenga madaka hayo, wengi wa wenyewe hawakualikwa kuketi juu yake.

Watafiti, akiwemo Abdul Hamid el-Zein katika kitabu chake cha mwaka 1974, wameeleza namna elimu ya dini ilivyokuwa mikononi mwa koo chache, na namna Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl mwenye asili ya Ngazija, alivyokaa Langoni na kuwafundisha watu ambao hawakuwa na nafasi katika darsa za wakubwa. Kutokana na kazi hiyo ukasimama Msikiti wa Riyadha. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya mambo mbalimbali yaliyofungamana na historia hiyo, lakini jambo la kuwafungulia wanyonge mlango wa elimu halina mzozo.

Kwani ndilo walilolitaka makafiri wa Makureshi kinyume chake. Amesimulia Saad bin Abi Waqqas (r.a.), kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba walimtaka Mtume (s.a.w.) awafukuze wanyonge waliokuwa wamekaa naye, ndipo ikateremka aya ya 52 ya Surat Al-An'am kumkataza asiwafukuze wanaomwomba Mola wao asubuhi na jioni. Baraza linalomtambua mtu kwa nasaba yake kabla ya uchamungu wake limepungukiwa na haki moja ya njia, hata kama wote waliokaa wameinamisha macho.

NYUMBA ZINAPOUZWA

Leo mabaraza ya Lamu yana mtihani mwingine. Nyumba nyingi za mji na za kijiji jirani cha Shela zimenunuliwa na wageni wa mbali. Baadhi zimetengenezwa vizuri kuliko zilivyokuwa, na hilo ni jema kwa jengo. Lakini nyingine hufunguliwa kwa wiki chache za mwaka. Daka limepakwa chokaa, mlango umepigwa msasa, na hakuna anayeketi. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, wengi wanategemea wageni zaidi. Na njiani pikipiki zimeanza kupita mahali palipopimwa kwa mtu na punda.

Je, sheria inasemaje juu ya kuuza? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, haki ya shufaa, yaani haki ya kutangulizwa kununua, ni ya mshirika katika milki. Jirani asiyekuwa mshirika hana. Imamu Abu Hanifa yeye amempa jirani pia. Kwa hiyo Mshafi wa Lamu anayemuuzia mgeni bila ya kumwambia jirani yake hakuvunja sheria.

Lakini Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi (r.a.), aliyekuwa huru wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya uwanja wa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), akamtaka Saad avinunue. Saad akasema hatatoa zaidi ya dirham 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi akamweleza kwamba kuna aliyekwisha kumpa dinari 500 taslimu, na dinari moja wakati huo ilikuwa na thamani ya dirham 10 au zaidi. Kisha akasema kwamba lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingempa kwa bei hiyo. Akampa.

Tuhesabu. Dinari 500 ni dirham 5,000 kwa uchache. Abu Rafi alipoteza dirham 1,000 au zaidi, na akakubali kungoja mafungu, kwa kuwa mnunuzi alikuwa jirani yake. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama hadithi hii inathibitisha shufaa ya jirani au inahimiza wema tu. Vyovyote itakavyofahamika, kitendo cha Abu Rafi kimebaki. Hatusemi kwamba mwenye shida asiuze, wala kwamba ni haramu kumuuzia asiyekuwa wa mtaa. Tunasema kwamba kumwambia jirani kabla ya dalali ni adabu ya Maswahaba, na kwamba anayeuza nyumba anauza pia ujirani wa wenzake waliobaki.

LIVUNJWE AU LITENGENEZWE?

Turudi kwenye mjadala wetu. Ghiba ni miongoni mwa madhambi makubwa, na hakuna ada inayoihalalisha. Ikiwa baraza limekuwa mahali pa kula nyama za watu, basi anayelikimbia ameokoka. Lakini ghiba haikai katika mawe. Aliyefungiwa baraza leo anaisema ghiba kwenye simu akiwa amelala kitandani, wala hakuna mpita njia wa kumtolea salamu akamkatiza.

Tena tufikirie nani atabeba kazi iliyokuwa ikifanywa na baraza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea Mahakama ya Kadhi mpaka wa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa ukuta, wa mfereji wa maji, wa benchi lililoingia njiani, haupelekwi kwa kadhi. Mwenye mzozo ama aende mahakama nyingine kwa gharama na miaka, ama apatanishwe na majirani. Na kupatanishwa kunahitaji watu wanaojuana na mahali pa kukaa.

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu maimamu na wanafunzi mambo yafuatayo.

Kwanza, wausomeshe Mlango wa Sulhu, kwani wengi wetu huuruka tukikimbilia milango ya ibada na ndoa. Na ikiwezekana wausomeshe barazani penyewe baada ya Alasiri, ambapo ukuta, wikio na njia viko mbele ya macho.

Pili, wenye mabaraza wawakumbushe wanaoketi haki za njia moja baada ya nyingine. Mwanamke anapopita, macho yainame na miguu ivutwe ndani. Mgeni akiuliza nyumba, asimame kijana ampeleke. Anapotajwa mtu kwa ubaya, mkubwa wa kikao ageuze mazungumzo. Na baraza lisichague kabila wala rangi.

Tatu, anayejenga leo asiongeze hata shubiri moja ya njia ya watu. Na mwenye pikipiki ajue kwamba kuzuia maudhi ni haki ya njia kwa apitaye kama ilivyo kwa aliyekaa.

Nne, anayekusudia kuuza azungumze na jirani yake kwanza, na majirani wenye uwezo wasingoje nyumba ya yatima au mjane iende ndipo walie.

Imamu An-Nawawi aliweka hukumu za njia, benchi, wikio na ukuta ndani ya Mlango wa Sulhu, wala hakuwa peke yake katika mpango huo. Mwanafunzi huuliza mbona mawe na boriti yamewekwa pamoja na suluhu. Sisi tunadhani kila aliyeishi ukuta kwa ukuta na mwenzake anajua sababu.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuipa njia haki yake na jirani haki yake, na ayasamehe yaliyosemwa katika vikao vyetu yasiyomridhisha. Tulilopatia ni kwa tawfiki yake, na tulilokosea ni kutokana na nafsi zetu.

Wallahu a'lam.